Asiye na Furaha Apike Chai

Nilimdanganya Mwalimu mara moja, na tangu siku hiyo sijaweza kumfikiria nikiwa nimetulia. Nilimwambia kwamba binti yangu ametembea. Binti yangu Imani alikuwa na miaka mitatu wakati huo, miguu yake ilikuwa imekakamaa tangu kuzaliwa, na hakuwa amepiga hata hatua moja. Nitaeleza ilivyotokea, lakini lazima kwanza nieleze Mwalimu mwenyewe alikuwa mama wa namna gani, la sivyo mtasema mimi ni mwongo tu wa kawaida.

Kwao ni wapi sijui. Alikuwa Mkenya, hilo ulilisikia mara tu alipofungua mdomo, lakini ukimuuliza ni wa wapi hasa alikukata: "Unanitafutia kitambulisho? Mimi ni Mwalimu." Nilipomfahamu alikuwa msimamizi wa dobi katika hoteli moja hapa Doha, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mikono imekauka kwa mvuke wa pasi. Siku sita alishughulika na shuka na mataulo. Siku ya saba, Ijumaa asubuhi, alifundisha maneno ya furaha kwa Kiingereza na Kituruki katika chumba kilichokuwa juu ya duka la fundi cherehani mtaani Najma.

Ndiyo, maneno ya furaha, na hakuna kingine alichofundisha. Mara ya kwanza niliposikia nilidhani ni kanisa. Kumbe ilikuwa hivi: kule Lusail, mji mpya nje ya Doha, yalikuwa yamefunguliwa mahoteli na mikahawa ya Waturuki, na walitaka watu wa kupokea wageni mlangoni. Wengi wetu tulikuwa walinzi. Mlinzi hufundishwa kukataza. Simama, rudi, huwezi kupita, kadi yako iko wapi. Unaweza kukaa nchi hii miaka minne, saa kumi na mbili kwa siku umesimama, na usimwambie binadamu yeyote neno la kumfurahisha. Mwalimu alikiita Kiingereza chetu Kiingereza cha geti. Alisema kinanuka buti.

Kwa hiyo tulikuja, watu tisa, kumi, wengine wametoka zamu bila kulala, tukakaa chini kwenye zulia. Ukutani alikuwa amebandika karatasi za kalenda za zamani, upande mweupe nje, na kila karatasi ilikuwa na neno la Kiingereza juu na la Kituruki chini. Glad. Delighted. Thrilled. Sevindim. Mutluyum. Chini ya kila neno palikuwa na nafasi, na humo aliandika jina la mtu. Hukupewa neno bure. Ilibidi ulete furaha yako ya wiki hiyo, iliyotokea kweli, uieleze mbele ya wenzako, halafu yeye akuulize maswali matatu: Ulikuwa ukiingoja au imekuja tu? Ni yako au ni ya mwenzako? Itakaa au inapita? Baada ya hapo ndipo mlitafuta neno linaloitosha.

Na kama huna? "Asiye na furaha apike chai," alisema, bila ukali wowote, kama mtu anayegawa kazi. Kulikuwa na jiko la gesi kando ya mlango, sufuria, maziwa ya kopo, iliki. Uliinuka ukawapikia wenzako karak, chai ya maziwa ya huku, na kuwagawia huku wao wakizungumza furaha zao.

Okello, Mganda niliyekuwa nikifanya naye kazi na kulala naye chumba kimoja, alikuwa na kipaji cha darasa lile. Ijumaa moja alisimama akajifuta uso.

"Mwalimu, nimepata kitanda cha chini."

"Ulikingoja?"

"Miezi saba! Yule Mnepali wa chini amekwenda kwao, khalas."

"Basi hiyo siyo thrilled. Thrilled ni ya kitu kimekurukia ghafla. Yako ni glad. Hilo neno lina kupumua ndani." Akamwandika kwenye glad, kisha akampa na Kituruki chake, keyfim yerinde, ambacho alikifafanua kuwa ni raha yangu iko mahali pake. Okello alilala kitanda kile cha chini wiki nzima akiitangazia dari kwamba keyfim yerinde.

Lakini Mwalimu hakuwa amemaliza. "Na huyo Mnepali? Kwake tunasema nini?"

Hakuna aliyekuwa amemfikiria yule Mnepali.

"Mama yake leo amefungua mlango akamwona. Tungekuwa kule tungemwambia mama: gözün aydın. Jicho lako limepata nuru. Anaambiwa mtu ambaye aliyekuwa akimngoja amefika." Akageuka dirishani. Alikuwa akigeuka dirishani kila dakika, yule mama.

Hilo ni jambo la kwanza ambalo sikulielewa kwake. Alifundisha maneno ya utulivu huku mwenyewe hawezi kukaa. Chumba kilikuwa cha hatua nne, na alizitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, mpaka fundi aliyekuwa chini akagonga dari kwa fimbo yake ya kupimia vitambaa. Kwenye chumba chake alikuwa na sanduku limefungwa tayari kando ya kitanda. Kila mwezi alisema anarudi nyumbani mwezi ujao. Alihama mara tatu katika miaka miwili niliyomjua, na mara zote tatu alihamia Najma hiyohiyo, mtaa wa pili au wa tatu kutoka alipotoka, na sisi tukambebea lile sanduku ambalo halikuwahi kufunguliwa. Ilitutia wasiwasi kumtazama. Mimi mwenyewe miguu huniwasha, siwezi kungoja basi bila kuzunguka kituo, na mbele yake nilijiona ni mzee wa kanisa.

Jambo la pili: hakuwa akicheka. Tulijaribu. Okello aliwahi kumwigiza mudir wetu, mkubwa wa kazini, akitembea tumbo mbele na redio mkononi, tukaanguka kwenye zulia, na Mwalimu akangoja tumalize kama anayengoja mashine ya kufulia isimame. Tukitabasamu vibaya alitukaripia. "Hayo meno unamwonyesha nani? Mimi siyo dentisti." Alisema mgeni wa hoteli anajua furaha ya kuvaa, kwa sababu naye huivaa kazini kwake.

Siku moja msichana mmoja wa darasa, aliyefanya kazi ya nyumbani kwa familia moja huku, alimuuliza kwa adabu, "Na wewe, Mwalimu? Furaha yako ya wiki ni gani?"

"Mimi nimepika chai kwangu kabla sijakuja," akajibu, na akaendelea na somo.

Nilicheka wakati huo. Sasa sicheki.

Kituruki alikuwa amekipata jikoni. Alikaa miaka mingi Uturuki, katika nyumba ya bibi kizee mmoja, akipika, akifagia, akimwogesha bibi. Mwaka wa kwanza hakujua neno lolote zaidi ya njoo na leta. Kisha mtoto wa kiume wa yule bibi akarudi kutoka jeshini, majirani wakajaa, kila anayeingia anamwambia bibi maneno yaleyale mawili, naye Mwalimu amesimama na sinia la vikombe. Alipofika mbele ya bibi, badala ya kumpa kikombe akayasema na yeye. Gözün aydın. Bibi akaangua kilio, akamshika mabega, sinia likaenda chini, vikombe vyote. "Hakuna aliyenigombeza," alituambia. "Nilikuwa kwa ile nyumba mwaka mzima kama kiti. Siku hiyo nikawa mtu. Na nilisema kwa sababu nilikuwa nimeona. Yule kijana alikuwa amesimama pale, mzima. Msiniletee furaha ya hewa."

Hiyo ndiyo sababu ya lile sharti lake. Alituambia mapema, tena zaidi ya mara moja, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Sasa nije kwangu. Nilipofika darasani nilikuwa na mambo madogo madogo, nikapata glad, nikapata pleased, nikapata memnun oldum, nimefurahi kukujua, siku niliyokutana na mtu wa kwetu Kitale dukani. Halafu ukaja wakati nikakauka. Mama Imani alikuwa akimpeleka mtoto mazoezi ya viungo kila wiki, na kila wiki niliuliza swali moja: miguu inasemaje? Na kila wiki jibu lilikuwa bado. Daktari alisema huenda atatembea, huenda hatatembea. Ukishaambiwa maneno kama hayo, furaha za kupata kitanda cha chini zinakosa ladha. Ijumaa ya kwanza nikapika chai. Ya pili nikapika. Ya tatu wenzangu wakaanza kuniambia nimezidisha iliki. Ya nne, nilipoingia mlangoni, mmoja akasema, "Mpishi amefika," na watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikaenda kushika mwiko.

Ijumaa hiyohiyo Mwalimu alikuwa na habari. Mkahawa mmoja wa Kituruki kule Lusail ulitaka wapokeaji wageni wawili. Msimamizi wake alikuwa akifahamiana naye, na angewasikiliza watu atakaowatuma yeye. Alimtaja Okello. Kisha akaniangalia nikiwa nimeshika mwiko.

"Wewe nakutaka uende. Kiingereza chako ni kizuri kuliko cha wote hapa. Lakini siwezi kukupeleka mlangoni kwa watu ukiwa mkavu hivyo. Kweli huna kitu? Hata kidogo?"

Nikazima jiko. "Niko nayo," nikasema. "Binti yangu ametembea."

Wenzangu wakageuka wote. Walijua nina mtoto ambaye hatembei. Nilikuwa nimewaeleza mwanzoni.

"Ulikuwa ukiingoja?" akauliza Mwalimu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Miaka mitatu."

"Ni yako au ni yake?"

"Yake."

Swali la tatu hakuliuliza. Alikaa. Alikaa chini kwenye zulia, mara ya kwanza kumwona akikaa, akaweka viganja vyake vikavu juu ya magoti. Wenzangu wakainuka mmoja mmoja wakaja kunishika mkono, gözün aydın, gözün aydın, na yule msichana wa kazi za nyumbani alikuwa akilia. Okello alikuja wa mwisho. Alilala kitanda cha chini, mimi cha juu yake, alisikia simu zangu zote, alijua. Alinishika mkono akasema gözün aydın kwa sauti ndogo, akarudi kukaa bila kunitazama.

Ukutani kulikuwa na karatasi moja iliyokuwa haijapata jina tangu darasa lianze. Overjoyed. Mwalimu aliinuka, akachukua kalamu, akaandika: Imani.

Kazi niliipata, mimi na Okello. Ijumaa iliyofuata, siku ya kuaga, Mwalimu alinipa mfuko. Ndani mlikuwa na viatu vya mtoto, vyekundu, vya kufunga kwa mkanda. "Güle güle giysin," akasema. "Avivae akicheka. Ndivyo wanavyomwambia mtu mwenye nguo mpya. Na hapa hakuna ubishi, unavituma leo."

Sikuvituma. Ningemwambia nini Mama Imani? Nilihama navyo kwenda Lusail, vikakaa chini ya nguo zangu. Mwalimu alinitumia sauti kwenye simu kila baada ya wiki mbili. "Imani anakimbia?" "Anakimbia, Mwalimu. Anasumbua kweli." "Ameanguka?" "Kidogo tu, magoti." Uongo mmoja ulikuwa umezaa mtoto anayekimbia, anayeanguka, anayepanda viti, na mimi nilikuwa namjua yule kuliko wangu. Nikaacha kumjibu. Nilisimama mlangoni pa mkahawa wangu na suti nyeusi, nikiwaambia watu delighted, nikiwaambia hoş geldiniz, yaani karibuni, wageni wananipenda, mudir ananipenda, na nikipata dakika ya mapumziko natoka nje kutembea kandokando ya reli ya tramu, nenda rudi, nenda rudi, siwezi kukaa. Okello alikuwa akiniambia, "Maze, mwambie tu." Nilimwambia nitamwambia wiki ijayo. Ikapita miaka miwili.

Mwaka huu, Jumamosi moja adhuhuri, nilikwenda Al Wakrah kwenye ofisi ya kargo, kutuma boksi la nguo nyumbani. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, kila mtu na maboksi yake na roli za utepe wa gundi. Mbele yangu, watu watatu hivi, alikuwepo mama mwembamba akikanyaga mguu huu na huu kama anayengoja choo. Nilimjua kabla hajageuka. Na sanduku lile lilikuwa miguuni pake, limezungushwa utepe huo mara kumi.

Nilitaka kuondoka. Nasema ukweli, niligeuza hata bega. Aligeuka akaniona.

"Wewe!" Akaacha foleni yake akaja kusimama na mimi. "Simu zangu ulizitupa wapi? Haya, achana na hiyo. Narudi nyumbani. Safari hii ni kweli, tiketi iko, Alhamisi." Hakuonekana kuamini mwenyewe. "Imani hajambo? Sasa ana mitano. Vile viatu vimeshambana, najua."

Watu walisogea, tukasogea. Niliangalia lile sanduku. Alhamisi angepanda ndege, na ningebaki na yule mtoto wa uongo hadi nife.

"Mwalimu, Imani hajatembea."

"Ameumia?"

"Hajawahi kutembea. Hata siku ile. Nilidanganya, nilikuwa nimechoka kupika chai na niliitaka ile kazi. Viatu ninavyo mimi."

Foleni ikasogea tena, sisi hatukusogea, mtu wa nyuma akatupita. Uso wake ulikuwa umekuwa mweusi kwa hasira, na nilingoja anipige kofi, ningefurahi kama angenipiga.

"Umenifanya nimpongeze mtoto kwa kitu ambacho hakufanya," alisema mwishowe, polepole. "Miaka miwili. Na vitu anavyofanya, hakuna hata kimoja nimempongeza. Anafanya nini, huyo mtoto?"

"Anakaa. Anaongea vizuri sana."

"Anacheka?"

"Anacheka."

"Anacheka na nini?"

Nilikuwa na maneno thelathini ya furaha katika lugha mbili, ninayasema kwa mpangilio, na sikujua mwanangu anacheka na nini.

"Piga simu," akasema Mwalimu.

"Sasa hivi?"

"Yalla. Piga."

Mama Imani alionekana kwenye kioo cha simu akiwa jikoni, kitambaa kichwani. Alishtuka kuniona mchana. "Kuna nini? Kazi imeisha?"

"Hapana. Nataka kukuuliza. Imani huwa anacheka na nini?"

"Wewe leo umeamka na nini?"

"Niambie tu, mama."

Aliniangalia kidogo. "Chafya," akasema. "Mtu yeyote akipiga chafya, huyo hujimaliza kwa kicheko. Hata mbuzi wa jirani. Juzi babu yake alikuwa na homa, mtoto hakula chakula, kazi ni kumngojea babu apige."

"Ameanza lini hayo?"

"Mwaka jana. Hujawahi kuuliza. Wewe ukipiga simu huuliza miguu."

Hakulisema kwa ubaya. Lakini ilibidi nigeukie ukutani kidogo, na simu Mwalimu akaichukua mkononi mwangu. "Mama Imani, mimi nilikuwa mwalimu wa huyu," akasema. "Nipe mtoto."

Imani akaletwa kwenye kioo. Nikipiga mimi husema shikamoo baba, halafu humrudishia mama yake simu kabla sijamaliza kuitikia. Sasa alimtazama huyu mama asiyemjua, na mama huyo akamtazama, wote wawili wamenuna sawasawa.

Mwalimu akakunja pua. Akavuta pumzi, akainua kichwa, akangoja, akashusha kichwa, akakiinua tena. Ofisi nzima ikamtazama. Kisha akapiga chafya ya uongo kubwa kuliko zote nilizowahi kusikia, mpaka karani akaacha mizani.

Kilichotoka kwenye simu sikuwa nimewahi kukisikia. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika kwa kukosa pumzi, kikaanza tena. Kijana mmoja wa Kifilipino kwenye foleni akamnyooshea Mwalimu karatasi ya kujifutia, naye akaikataa kwa mkono, akapiga ya pili, akapiga ya tatu, machozi yanamtoka, na sasa mwenyewe alikuwa akicheka, mdomo wazi, meno yote nje, ameshikilia sanduku lake asianguke.

Kisha akanipa simu. "Zamu yako," akasema.

Nilikuwa na suti ya kazi na boksi kwapani, watu ishirini wananitazama. Nikapiga chafya. Haikuwa nzuri. Imani akaacha kucheka, akasogeza uso wake karibu na kioo hadi nikaona macho yake tu, akinichunguza.

"Baba," akasema, "tena."